Mama, ile Amina ya Jumapili

Leipzig, Ujerumani, mwishoni mwa Novemba

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu inatugombanisha. Huku saa kumi na nusu jioni tayari ni giza, nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee, nimechemsha chai, nina muda. Kama miwani yako bado iko kwa fundi, Dada atakusomea, ila asiruke mistari.

Dada ameniambia yote. Kwamba Jumapili uliposema "Haya, Mungu akulinde mwanangu," nami badala ya Amina nikajibu "Haya Mama, kwaheri," ulibaki na simu mkononi ukauliza, "Huyu mtoto wamemfanya nini huko?" Kisha ukamwambia Shangazi. Na Shangazi akishajua jambo, Machame nzima imejua. Sasa nasikia mimi ni mpagani.

Mpagani huyu, Mama, anakatwa kodi ya kanisa. Siku ya kuandikisha makazi yangu hapa mjini karani aliniuliza dini, nikajibu kwa fahari kabisa, Mlutheri. Akaandika. Tangu nimalize mafunzo na kuanza kulipwa mshahara kamili, kila mwezi serikali inanikata kwa niaba ya kanisa asilimia 9 ya kodi yangu ya mapato, kabla sijaiona hela yenyewe. Mhasibu wa usharika akisikia hivyo atatokwa machozi. Kwa hiyo mkinitangaza, tangazeni na hati yangu ya mshahara.

Lakini kuna kitu kimebadilika, hujakosea kusikia.

Unajua kwamba wamisionari waliofika Nkwarungo, pale kwetu Machame, mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huu huu? Bila shaka unajua, umetufundisha wewe. Ukisikia Leipzig unawaona wale wazungu wenye ndevu. Mimi nikishuka kwenye tramu naona mji ambao wengi wa watu wake hawana dini yoyote. Wala hawajaiasi. Hawakuwahi kuwa nayo. Serikali ya Kijamaa iliyokuwa upande huu hadi 1990 iliweka sherehe yake ya vijana pale pale penye kipaimara, mtoto akifika miaka 14 anaapa, anapewa maua na kitabu, basi. Wazee ninaowaogesha leo ndio vijana wale. Kuna bibi aliniuliza Pasaka ni ya nini hasa. Nilidhani ananitania.

Kwa salamu tu, Mama, hawana neno. Kazini tuna mwenzetu kutoka Bavaria, kusini, ambako watu wakikutana husema "Grüß Gott". Maana yake ya asili ni kama "Mungu akusalimu", ila ukiisikia harakaharaka inakuwa "msalimie Mungu". Akiingia asubuhi na salamu yake, wenyeji wanamjibu, "Nikimwona nitamfikishia." Wanacheka, kazi inaanza. Na wao wenyewe wakiagana wanasema "Tschüss" kutwa nzima, neno ambalo wataalamu wa lugha wanasema ni la ukoo mmoja na lile la Kifaransa la kumkabidhi mtu kwa Mungu, adieu. Nilimweleza muuguzi mmoja kijana, yule anayejivuna kwamba Mungu hana nafasi mdomoni mwake. Siku tatu aliaga kwa kupunga mkono.

Huyu kijana ndiye mkali kuliko wote. Mwanzoni nilikuwa namwambia "Mungu akubariki" akinishikia zamu, kama nisemavyo kwa kondakta wa Moshi akinirudishia chenji sawasawa. Siku moja akaniambia, "Ukisema asante nasikia umenishukuru mimi. Ukisema hilo lingine nasikia umemshukuru mtu mwingine." Nilimwona ana kiburi, sikufichi. Chumba cha jirani kuna bibi ambaye naye haamini lolote, lakini Krismasi anaimba tenzi zote beti kwa beti, na ukimwombea baraka anakupapasa shavu. Anasema maneno hayo ni kama vyombo vya mama yake, havitumii kulia chakula lakini hawezi kuvitupa. Kwa hiyo usidhani wanahisi namna moja.

Kuna na kisa cha Jumamosi. Kiongozi wa zamu aliniuliza kama nitaweza kuja Jumamosi, nikajibu, "Nitakuja, Mungu akipenda." Kwa Kijerumani kabisa. Ijumaa nakuta jina la mtu mwingine limeandikwa. Alisikia nimekataa kwa adabu! Nilikasirika nusu saa, kisha nikamkumbuka seremala wako na kile kiti. Hebu sema kweli: akisema "Jumatatu, Mungu akipenda", wewe mwenyewe unasikia nini?

Sasa nikuambie lenyewe.

Mwezi wa tatu nilikuwa zamu ya usiku. Alfajiri mke wa mzee mmoja akafariki. Walikuwa wanakaa wote chumba kimoja. Nilipomaliza kumfunika nikageuka, mzee amekaa pembeni ya kitanda na soksi ya mkewe mkononi, soksi ya sufu ya kijivu, anaigeuza ndani nje, nje ndani. Nikafanya kama ulivyotulea. Nikapiga goti mbele yake, nikamshika mkono, nikamwambia, "Mungu amempenda zaidi."

Kijerumani changu siku hiyo kilikuwa safi, ndiyo bahati mbaya yenyewe.

Akaniangalia bila hasira, akauliza, "Kuliko mimi?"

Mama, lile neno nimelisikia tangu utoto. Nimelisema misibani sijui mara ngapi, napanga foleni, natoa mkono, nasema, napita kwenda kwenye sufuria. Sijawahi kusikia mtu akilijibu. Nilitafuta la kusema nikakosa, likanitoka "pole", kwa Kiswahili. Akauliza ni nini hiyo. Nikajaribu kumweleza kwamba ni neno la kumwambia mtu aliyefiwa, na aliyejikwaa, na anayetoka kazini amechoka, kwamba maumivu yako nimeyaona. Akanyamaza kidogo. "Hilo litafaa," akasema. Tukakaa hadi wa mchana walipoingia.

Tangu hapo ananipenda, na ananihadithia. Mwaka 1989, watu walipokuwa wanakusanyika Nikolaikirche, kanisa la hapa mjini, kila Jumatatu kwa maombi ya amani kisha wanatoka kuandamana, na yeye aliingia. Tarehe 9 Oktoba waliandamana watu kama 70,000, na askari hawakufyatua risasi. Nilimuuliza, wewe usiyeamini ulifanya nini wakati wa sala? Akasema, "Sikuomba. Lakini sikutoka nje." Na mchungaji? "Hakuniuliza."

Usiku ule nikarudi nyumbani nikamkumbuka Baba Mdogo.

Wewe unajua zaidi yangu. Tangu tulipomzika binamu yangu, mwanawe, pale nyuma ya migomba, Baba Mdogo amewahi kukanyaga kanisani? Tunasema ana uvivu wa ibada, tunasema ni pombe ya mbege. Nilikuwepo siku ya mazishi, nilikuwa kidato cha pili, nilisimama kwenye ule mstari wa kutoa mkono. Kila mtu alimwambia Mungu amempenda zaidi. Na mimi nilimwambia. Alikuwa anaitikia tu kwa kichwa. Kwetu sensa haiulizi mtu dini tangu 1967, na sisi nyumbani hatumuulizi pia, tunamhesabu tu kwamba ni wetu na atarudi.

Sisemi haamini. Sijui, na si kazi yangu kumfungulia moyo. Ninachosema ni kwamba akija Jumapili, chakula kikishawekwa mezani, wewe unatabasamu unasema, "Leo Baba Mdogo atatuombea." Tunajua wote kwa nini unamchagua yeye. Anainuka, anafumba macho, anataja ndizi na nyama na waliopika, anakaa. Mara ya mwisho nilipokuwa likizo niliangalia mikono yake wakati ule. Ilikuwa inakunja pembe ya kitambaa cha meza, anaikunja, anaikunjua.

Nakuomba Mama, mwache ale. Omba wewe, una sauti nzuri. Akisema Amina sawa, asiposema usimtazame.

Na Jumapili sikuwa na haraka yoyote. Ningeweza kukudanganya kwamba tramu ilikuwa imefika. Nilikuwa nimekaa na yule mzee, nampasulia chungwa, ulipopiga. Uliposema Mungu akulinde, Amina ikafika mdomoni, na Amina hata yeye anaijua. Nikaona haya. Haya ya nini, bado najiuliza, maana mzee asingesema kitu, angekula chungwa lake. Kwake nimejifunza kupima neno kabla sijalitoa, na kwako nikalipima lisilohitaji kupimwa. Unaponiambia Mungu akulinde najua ni mkono wako unaonifunga kanga kichwani. Amina, Mama. Imechelewa siku tisa.

Nimemtumia Dada laki mbili, ya dawa za Baba na ya kumalizia kile kiti. Seremala akisema tena Jumatatu Mungu akipenda, mwulizeni ni Jumatatu ya mwezi gani.

Wasalimie wote, na Shangazi.

Kitinda mimba wako