Hakuna mbegu ya bonsai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wenzangu wanaopenda miti midogo ya kwenye vyungu, hasa sisi wa mikoani tunaoagiza vitu kwa simu bila kuviona.

Mimi ni mshonaji hapa Mwanga, Kigoma. Mwaka juzi nililipa shilingi 15,000 kwa pakiti ya punje kumi. Juu kuna picha ya kijiti chenye shina nene na majani madogo kama punje za mtama, chini imeandikwa "mbegu za bonsai, elmu kibete", yaani aina fupi ya mti wa kigeni uitwao elmu. Nilizifukia kwenye kopo nyuma ya banda langu, nikamwagilia kiangazi chote. Zikaota tatu. Leo mche mmoja umenifika kifuani, na jani lake ni refu kuliko kidole gumba changu.

Bonsai si aina ya mti. Ni kazi ya mkono: kupogoa matawi, kupunguza mizizi, kufunga waya, mwaka baada ya mwaka. Elmu ya Kichina ikiachwa ardhini hufika mita 15. Vibete vyake vipo kweli, tena vizuri mno. Upo unaoitwa Hokkaido, ambao jani lake halifiki sentimita moja. Upo unaoitwa Seiju, uliotokana na Hokkaido kubadilika wenyewe, na gome lake hupasuka kama kizibo ungali mchanga. Lakini miti hiyo huzalishwa kwa vipandikizi, kama tunavyopanda muhogo kwa pingili. Ukipanda punje, mtoto hafanani na mama kwa lazima. Na kipandikizi cha kutoka nje hakiingizwi nchini ndani ya bahasha tu. Kinataka kibali na cheti cha afya ya mimea.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na mti mzuri tayari. Nina mkwaju wa miaka sita ndani ya karai lililotoboka, niliouotesha kwa kokwa ya ukwaju wa sokoni. Haujapita futi mbili. Kila masika yakikaribia nautoa, nakata mizizi iliyozunguka, naurudisha na udongo mpya. Magharibi vijani vyake hujikunja vyote, na wateja wangu husimama kuutazama hata nguo zao wakazisahau.

Aliyeniuzia simdai tena ile elfu kumi na tano. Namwomba aiondoe ile picha kwenye pakiti, aandike jina la mti uliomo.

Mshonaji,
Mwanga, Kigoma