Barua kwa mwanangu aliye Pécs, Hungaria

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi huku Muheza hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nasi. Baba yako anakusalimu, na mdogo wako anauliza kila siku kama theluji imeshaanguka.

Ile picha uliyotuma ya uwanja wa Széchenyi, na lile kanisa lenye kuba ambalo zamani lilikuwa msikiti wa Kasim Pasha, nimeiangalia hadi nimeikariri. Tangu uondoke nimekuwa nikisoma habari za mji wako usiku, kazi zikiisha. Nilitaka tu kujua mwanangu anakanyaga ardhi gani. Humo nikakutana na mtu mmoja ambaye sijaacha kumwaza, na ndiye aliyenifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kukupigia simu.

Jina lake György Klimo, askofu Mkatoliki. Alizaliwa mwaka 1710 katika kijiji cha Lopašov, ambacho leo kiko Slovakia lakini enzi hizo kilikuwa ndani ya ufalme wa Hungaria. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, watu wa kulima ardhi ya bwana. Uaskofu huko mara nyingi ulikuwa wa watoto wa makabaila. Huyu wa kwetu sisi walima jembe akasoma, akapanda ngazi, na mwaka 1751 Malkia Maria Theresia akamteua kuwa Askofu wa Pécs.

Fikiria mji aliokabidhiwa. Waturuki walikuwa wameutawala tangu 1543 hadi 1686. Kabla yao, mwaka 1367, ndipo kilipoanzishwa chuo kikuu cha kwanza cha Hungaria, kikafifia mpaka kikabaki jina. Klimo akaanza kununua vitabu. Hakununua vya dini peke yake, bali na vya historia, sheria, tiba, na elimu ya viumbe. Akakusanya na sarafu za kale. Aliuletea mji mtambo wa kupiga chapa. Padri József Koller, mwanahistoria, akawa mkono wake wa kulia katika kazi ya vitabu. Alitamani chuo kikuu kirudi Pécs, na alijua chuo bila vitabu ni majengo matupu.

Halafu mwaka 1774, akiwa na miaka 64, akaufungua mlango. Maktaba ya askofu ikawa ya umma, na Wahungaria huihesabu kuwa maktaba ya kwanza ya umma katika nchi yao. Masharti yanayosimuliwa kuwa ni yake ni matatu: hapa hulipi kitu, ondoka ukiwa tajiri zaidi, urudi mara nyingi.

Niliposoma masharti hayo niliweka simu chini nikakaa kimya. Unalijua lile kabati la shuleni. Miaka kumi na minne nilishika ufunguo wake. Vitabu vilikuja kwa maboksi, vingine bado vina harufu ya kiwandani, nami nikaambiwa kimoja kikipotea nitaulizwa mimi. Basi nikafunga. Siku za ukaguzi nafungua, nafuta vumbi, wakaguzi wanasifu, nafunga tena. Masharti yangu hayakuandikwa popote ila watoto wote waliyajua: usiguse, usiombe, usirudi. Hata wewe ulipokuwa darasa la tano uliniomba kile kitabu chenye picha za mwili wa mwanadamu, nikakukatalia mbele ya wenzako ili nisionekane napendelea. Ulilia njia nzima mpaka nyumbani. Leo unasomea udaktari, na mlango wa kwanza ulikufungia mama yako mwenyewe. Nisamehe, mwanangu.

Masika moja nilipofungua, vitabu vilikuwa vimesimama safu kama kawaida. Nilipovuta kimoja kikatoka jalada tupu. Mchwa walipanda kutoka sakafuni kwa nyuma ya kabati, wakala kurasa, wakajaza udongo mahali pake. Hakuna hata kimoja kilichoibiwa. Vyote vilikuwepo kwenye daftari.

Ndiyo maana namheshimu Klimo kuliko maaskofu wengine wa zama zake waliopenda vitabu, na walikuwepo wakubwa. Ignác Batthyány, askofu wa Transilvania, alikuwa na mkusanyiko wa ajabu, na ndani yake sehemu ya Injili ya Lorsch iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu zama za mfalme Karoli Mkuu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Aliuacha kwa wosia mwaka 1798, na mwaka huohuo akafariki. Maktaba yake, Batthyaneum, ipo mpaka leo mjini Alba Iulia, Romania. Wosia ni jambo jema, simdharau. Ila Klimo alitoa angali hai, mikono ya watu ikigusa vitabu vyake mbele ya macho yake, vingine bila shaka vikichafuka. Mimi ninayeujua uoga wa mwenye ufunguo ndiye ninayejua alichokishinda.

Aliishi miaka mitatu tu baada ya hapo, akafariki 1777. Chuo kikuu hakukiona. Vitabu vikabaki, na katika miaka ya 1830 askofu mwingine, Ignác Szepesy, akavijengea nyumba. Chuo kikuu kilipohamia Pécs kutoka Pozsony, mji unaoitwa leo Bratislava, mwaka 1923 kilikuta vitabu vya mtoto wa mkulima vinakingoja. Chuo hicho ndicho unachosoma wewe.

Sasa nakutuma. Mtaa unaitwa Szepesy, sio mbali na kanisa kuu. Nenda siku usiyo na kipindi, uombe uoneshwe maktaba ya Klimo. Ukiruhusiwa kupiga picha nipigie ya rafu, za watu usihangaike nazo. Uvae koti zito.

Huku na mimi nimeanza. Vile vitabu vyangu vya sebuleni nimevishusha, na kila Jumamosi asubuhi navipanga barazani juu ya mkeka. Baba yako aliuliza vikipotea itakuwaje, nikamwambia viache vipotee vikiwa mikononi mwa mtu. Jumamosi iliyopita yule mtoto wa jirani aliyechukua kitabu cha wanyama alikirudisha. Jalada lina doa la mafuta ya taa na ukurasa mmoja umebandikwa kwa ugali. Akasimama pale akisugua miguu, akaniuliza kama anaweza kupewa kingine. Nikampa viwili.

Mama yako