Hotrodi Yako Inachemsha? Usikimbilie Kununua Rejeta

Kila kiangazi simu inayoingia gereji kwetu huwa ni ileile. Ford Coupe ya 1932 iliyogeuzwa hotrodi, yaani gari la zamani lililobadilishwa ili liende kasi: paa limekatwa na kushushwa, rangi inang'aa, injini ni V8 ya zamani, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Kwenye barabara kuu gari linateleza vizuri tu. Likiingia kwenye foleni ya Los Angeles, mshale wa joto unapanda hadi mwisho na maji yanaanza kutapika juu. Mwenye gari ameshanunua rejeta mpya ya alumini, tena kubwa, na bado linachemsha. Kwa kuwa wateja wetu wanaozungumza Kiswahili wanazidi kuongezeka hapa kusini mwa California, tumeona tulieleze jambo hili kwa lugha yetu.

Mara nyingi rejeta inasingiziwa. V8 ambayo Ford waliitoa Machi 1932, yenye ujazo wa inchi 221 (kama lita 3.6) na nguvu farasi 65, imewekewa valvu (vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) ndani ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ubavuni mwa silinda, wala si juu kwenye hedi, kile kifuniko cha silinda, kama injini za leo. Moshi ukitoka kwenye valvu hauna njia ya mkato. Inabidi upenye katikati ya silinda, ndani ya bloku, huku umezungukwa na maji ya kupozea, ndipo ufike kwenye ekzosi. Isitoshe, silinda nne za kila upande zina matundu matatu tu ya kutolea moshi, maana mbili za katikati zinachangia moja. Maji hayo yanabebeshwa joto la ndani ya silinda, kisha yanaongezewa na la moshi. Ndiyo maana kila upande ulipewa pampu yake ya maji.

Injini hiyo ikiwa kwenye gari lake la asili, lenye feni yake na rejeta yake ndefu, inavumilika. Tatizo linaongezeka pale inapogeuzwa hotrodi. Vijana walioanzisha mtindo huu walikuwa wakikimbiza magari kwenye mabwawa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuunda SCTA (Southern California Timing Association), chama ambacho hadi leo inasimamia mbio hizo. Pale gari linakwenda moja kwa moja kwa dakika chache, upepo tele unapita mbele, basi. Feni ilionekana mzigo ikatolewa. Grili ilifupishwa ili pua ishuke, na rejeta ikafupishwa nayo. Leo mtu anajengewa gari la sura hiyohiyo, halafu anakwenda nalo kununua kahawa Jumamosi saa sita mchana, jua kali, taa nyekundu kila kona.

Gari likifika kwetu, tunaanza na maji yenyewe. Tukiyamwaga kutoka kwenye bloku ambayo haijafunguliwa miaka mingi, kinachotoka ni tope jekundu zito kama uji wa ulezi, nalo bado ni la juujuu. Hedi ikishatolewa, fundi anaingiza bisibisi ndefu kwenye matundu ya maji, hasa ya nyuma kabisa, karibu na giaboksi, na anachokoa kutu iliyoganda pamoja na mchanga. Mchanga huo ni wa kiwandani! Bloku ilimiminwa kwenye kalibu za mchanga, na uliobaki ndani haukutoka wote. Mabaki hayo yanatuama chini ya silinda za nyuma, maji hayafiki huko, na hata ukifunga rejeta ya lori haitakusaidia. Dawa ya kumimina kwenye rejeta, ile inayouzwa dukani, haiwezi kazi hii. Bloku inatolewa, inachovywa kwenye tangi la dawa ya moto, kisha tunarudia kuchokoa kwa mkono hadi maji yapite meupe.

Bloku ikiwa safi, tunatafuta nyufa. Sehemu yake tunaijua: kati ya kiti cha valvu na silinda. Tunaipitishia sumaku na kuinyunyizia unga wa chuma, unga unajipanga kwenye ufa hata kama jicho halikuuona. Ufa mdogo unazibika. Ukishaingia ndani ya silinda inabidi tuzungumze, kwa sababu gharama inabadilika kabisa. Vilevile tunapima unene wa kuta za silinda. Nyingi ya injini hizi zimeshapanuliwa zaidi ya mara moja kutafuta nguvu, na fundi wa kwanza aliyezipanua hakuacha barua.

Kama injini haijafunguliwa, kuna kipimo cha haraka cha gasketi, ile pedi iliyo kati ya bloku na hedi: kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Kikigeuka manjano, gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji. Taimingi ya plagi, yaani wakati wa kutoa cheche, ikichelewa nayo inaleta joto, ila hilo tunalirekebisha palepale.

Feni inataka maelezo kidogo. Magari haya yalitoka kiwandani na umeme wa volti 6, tena nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukifunga feni ya kisasa ya volti 12 kwenye umeme huo, itazunguka kivivu, na waya zikigeuzwa itazunguka kinyume na kusukuma hewa upande usiotakiwa. Tunapendekeza kubadilisha gari zima liwe la volti 12, kisha kufunga feni yenye kava linaloziba nafasi kati yake na rejeta. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni tu.

Rejeta ndiyo ya mwisho. Na tafadhali, usiweke kifuniko cha presha kwenye rejeta ya zamani. Mfumo wa 1932 haukuwa na presha, na maungio ya shaba yataachia.

Wengine wanatuambia, "Fundi, toa hiyo uweke Chevrolet V8." Inawezekana, na injini ile iliyotoka mwaka 1955 ina valvu juu, moshi unatoka njia fupi, haina makuu. Kwa mtu wa kuendesha kila siku tunamshauri hivyo bila kusita. Lakini gari ambalo bado lina V8 yake ya zamani na bloku nzima, tunakuomba ufikirie mara mbili. Mlio wake hauigwi.

Pia tunaulizwa kuhusu kulipeleka gari nyumbani. Kenya, kwa sheria ya kawaida, haipokei gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo ulizia mamlaka ya ushuru (KRA) na shirika la viwango (KEBS) kabla ya kulipia meli.

Bei tunakupa baada ya hedi kutolewa, si kwa simu. Ukilileta, lilete kwa gari la kubebea, na usibadilishe maji wala kuosha injini kwanza. Tunataka kuona yanayotoka.