Clarkston haikuanza na fleti zetu

Mwanangu Furaha,

Tumepata salamu zako, na mama yako ameshukuru kusikia kwamba kikohozi kimekwisha. Mimi nimebaki na neno ulilolisema kwenye simu Jumapili, nikaona afadhali nilijibu kwa barua, kwa sababu kwenye simu una desturi ya kunikatiza. Ulisema kwamba wenzako wa bweni wakikuuliza unatoka wapi unawajibu Atlanta, kwani Clarkston hakuna anayeijua, na tena haina historia yoyote, ina fleti na reli tu. Juu ya fleti sina ubishi. Lakini ulipotaja reli, binti yangu, uliitaja historia yenyewe bila kujua.

Nianze na ardhi, kama nilivyokuwa nikianza darasani kule Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi. Mji wetu uko kilomita 16 hivi kutoka katikati ya Atlanta, upande wa mashariki, ndani ya wilaya ya DeKalb katika jimbo la Georgia, juu ya udongo mwekundu ambao mama yako, siku ya kwanza alipouona, aliinama akaushika kwa sababu ulimkumbusha Kasulu kule Tanzania. Kwa macho nchi hiyo inaonekana kuwa vilima vidogo vidogo visivyo na mpango, lakini ina mpango wake. Karibu kabisa na mji wetu unapita mgongo wa ardhi unaogawa maji ya mashariki ya Marekani. Mvua inayoanguka upande wa kaskazini na magharibi huingia katika tawi la kusini la kijito cha Peachtree, hufika mto Chattahoochee na kuishia Ghuba ya Meksiko. Inayoanguka upande wa pili hufuata kijito cha Indian Creek, ambacho wewe unakijua kama jina la kituo cha treni tu, hushuka mpaka mto South, kisha Ocmulgee, kisha Altamaha, na kumwagikia bahari ya Atlantiki. Nilipolifahamu jambo hilo nilicheka peke yangu, kwa maana maji ya Kasulu, ulikozaliwa, nayo huteremka kwa mto Malagarasi mpaka ziwa Tanganyika, yakatoka ziwani kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo na kufika Atlantiki hiyo hiyo.

Mgongo huo ndio ulioleta reli. Wahandisi wa kampuni ya Georgia Railroad, waliokuwa wakijenga njia kutoka Augusta kuelekea magharibi, walipenda kupita juu ya migongo ya vilima kwa sababu huko hakuna mito mikubwa ya kuvukwa, na daraja lilikuwa ghali kuliko kitu chochote. Treni ya kwanza kutoka Augusta ilifika mwisho wa njia mwaka 1845, mahali ambapo wakati huo palikuwa kijiji tu. Na jina la Atlanta, ambalo unalitumia kufichia jina la kwenu, lilipendekezwa na mhandisi mkuu wa reli hiyo, J. Edgar Thomson. Kwa hiyo, ukitaka kuwa mkali wa mambo, reli inayopita mbele ya fleti yetu ndiyo iliyoupa mji mkubwa jina lake.

Sharti niseme pia ardhi hiyo ilikuwa ya nani, kwani sisi tuliofukuzwa kwetu hatuna ruhusa ya kuliruka swali hilo. Ilikuwa ya watu wa Muscogee, ambao wazungu waliwaita Creek. Walilazimika kuiachia kwa mkataba wa mwaka 1821, na mwaka uliofuata wilaya ya DeKalb ikaundwa. Na waliochimba na kujaza udongo chini ya mataruma wengi wao walikuwa watu weusi waliokuwa watumwa, waliokodishwa na mabwana zao kwa kampuni. Kila treni ya mizigo inapotuamsha usiku, mama yako hulaani honi, nami hukumbuka mikono ile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika, reli hiyo ikawa shabaha. Mwezi Julai 1864 jeshi la Jenerali Sherman, wa upande wa Kaskazini, lilikuwa likiizunguka Atlanta, na kikosi cha McPherson kilitumwa mashariki kuikata njia kati ya Stone Mountain na Decatur, yaani pale pale tunapokaa, ili msaada usiwafikie wapinzani wao kwa treni kutoka upande wa Augusta. Askari waling'oa vyuma, wakawasha mataruma moto, wakaweka vyuma juu yake mpaka vikalainika, kisha wakavipinda ili visitumike tena. Sisi tuliotoka Fizi kule Kongo tunaelewa upesi kwa nini mwenye silaha huanza na barabara.

Mji wenyewe ulipewa hati mwaka 1882, ukaitwa kwa jina la W. W. Clark, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya reli. Hakuna vita wala shujaa katika jina hilo. Ni heshima tu kwa mkubwa wa ofisi. Watu walijenga kando ya njia kwa sababu treni iliwachukua kwenda mjini kazini na kuwarudisha jioni, na hivyo Clarkston ikawa miongoni mwa vitongoji vya mwanzo kabisa vya Atlanta. Wengine walifuga mbuzi, tena kwa wingi, mpaka majirani wakaupachika mji jina la dhihaka, Goatsville, mji wa mbuzi. Wewe umevaa fulana ya Angoras miaka minne katika shule yako ya sekondari. Je, uliwahi kujiuliza kwa nini shule ya Georgia inajiita kwa jina la mbuzi wa manyoya? Bibi yako, aliyefuga mbuzi Fizi maisha yake yote, angeupenda mji huo kwa sababu hiyo peke yake.

Miaka mingi iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa mji ulibaki mdogo na mtulivu, wenye wazungu wengi, makanisa na maduka machache. Ila ukitazama mashariki siku isiyo na mawingu unaliona lile jabali la Stone Mountain, ambalo kilele chake kiko mita 514 juu ya usawa wa bahari, nalo halikuwa tulivu hata kidogo. Juu yake ndipo Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, lilipofufuliwa mwaka 1915, na ubavuni mwake wamechongwa viongozi watatu wa upande uliopigania utumwa, kazi iliyomalizika mwaka 1972. Martin Luther King aliposimama Washington mwaka 1963 na kuomba uhuru uvume kutoka Stone Mountain ya Georgia, alikuwa akilitaja jabali hilo hilo tulilopanda pamoja ukalia kwamba viatu vinabana. Sikukueleza siku ile. Nilikuwa mgeni, na nilidhani ni mlima tu.

Sasa nije kwenye fleti zako. Barabara ya 285, ile inayoizunguka Atlanta, ilikamilika mwaka 1969, nayo inapita upande wa magharibi wa mji wetu. Wajenzi waliona fursa, na katika miaka iliyofuata wakasimamisha majengo mengi ya fleti kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha kati. Lakini wapangaji hao hawakukaa. Kadiri barabara zilivyorefuka, walihamia mbali zaidi na jiji, na hofu ya kuishi pamoja na watu weusi iliwasukuma wengi wao. Fleti zikabaki wazi na kodi ikashuka. Wakati huohuo, mwaka 1980, Marekani ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi, na mashirika ya kuwapokea yakawa yanatafuta mahali penye nyumba za bei nafuu, basi na treni za kwenda kazini kwa mtu asiye na gari. Clarkston ilikuwa na vyote. Hakuna aliyetuchagulia mji huo kwa mapenzi. Tulipelekwa palipokuwa na vyumba vitupu, na vyumba vilikuwa vitupu kwa sababu wengine walikuwa wamewakimbia watu wa rangi yetu. Nakuandikia hivyo waziwazi kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima.

Walitangulia Wavietnamu, wakafuata Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani, kisha Wanepali waliofukuzwa Bhutan na Wakareni wa Burma, na baadaye sisi Wakongo. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 7,554 katika eneo lisilofika kilomita tatu za mraba. Ile ya 2020 ikahesabu 14,756, baada ya mji kujiongezea maeneo ya jirani. Waandishi hupenda kuuita mji wenye mataifa mengi kuliko mahali pengine popote Marekani penye ukubwa huo. Mimi sifa hiyo siipendi sana, kwa sababu hutuorodhesha kama viungo vya pilau na haisemi nani analipa kodi ya nyumba.

Wala wenyeji hawakutupokea wote kwa mikono miwili. Mwaka 2006, kabla hatujafika, meya wa wakati huo alikataza soka katika bustani ya Milam, viwanja akataka vibaki vya besiboli. Vijana wakimbizi walikuwa na timu iliyofundishwa na mwanamke kutoka Jordan, Luma Mufleh, na jambo likafika kwenye magazeti makubwa. Baadaye baraza la mji likaruhusu timu hiyo kuutumia uwanja. Wewe ulicheza kwenye nyasi hizo bila kuombwa kibali na mtu, na hilo sikulaumu kwa kutolijua.

Sisi tulifika mwaka 2014, usiku, ukiwa umelala begani kwangu. Asubuhi nilitoka kutafuta mkate nikamkuta mzee Mnepali ameketi kwenye ngazi, tukasalimiana kwa kuinamishiana vichwa kwa kuwa hatukuwa na lugha moja. Baada ya wiki chache nilikuwa kwenye gari dogo alfajiri, nikiwa na Mburma, Msomali na Wakongo wawili, tukienda kukata kuku katika kiwanda kilicho zaidi ya saa moja kutoka nyumbani. Tulipita chini ya taa za njia panda ya reli, na dereva akasimama kusubiri treni. Ilikuwa ndefu ajabu. Nilihesabu mabehewa mpaka mia moja na kumi, kisha nikasinzia.

Ukija Desemba nitakuchukua tuifuate njia ya waenda kwa miguu iliyo kando ya reli, inayotoka upande wa Decatur, kupita Clarkston na kwenda mpaka Stone Mountain. Nitakuonyesha mahali ambapo mtu akimwaga maji huku yanakwenda Ghuba, na akimwaga kule yanakwenda Atlantiki. Huenda nimekosea hatua kadhaa, kwani nimepapima kwa ramani na mvua tu, lakini utakuja na simu yako utanisahihisha, kama kawaida yako.

Mama yako amekuandalia sombe na ndakala kwenye friza. Anasema pia urudishe sufuria yake kubwa, ile uliyoondoka nayo Agosti ukidhani hakuona.

Ni mimi baba yako.