Mkopo wa kuhifadhi mahindi usidaiwe kabla bei haijapanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie jambo moja wanaotukopesha sisi wakulima wa vijijini: tazameni upya tarehe ya marejesho.

Hapa Kongwa tunauza mahindi mwezi wa saba kwa kubanwa na deni la trekta na mahitaji ya watoto shuleni. Mlanguzi anajua tumebanwa, anapima kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mwezi wa pili mtu yuleyule aliyeuza yuko dukani anapimiwa unga kwa kilo.

Anayejikaza asiuze naye anakutana na dumuzi, mdudu ambaye wengine humwita Skania. Gunia la kawaida ukilifungua baada ya miezi michache, unakuta vumbi na punje zilizojaa matundu. Dawa yake ipo, tena haina sumu: mfuko wa tabaka tatu, mbili za nailoni ndani na kiroba nje, kila moja ikifungwa peke yake kwa kamba. Mdudu anakosa hewa, anafia humo. Ila mahindi lazima yakauke kweli. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani, na uanike kwenye turubai, si chini. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si la kufanyia mzaha.

Mifuko na turubai si vitu vya mamilioni. Mkopo mdogo unatosha kabisa. Tatizo ni masharti. Mama mmoja jirani yangu alikopa, akanunua mifuko, akafunga mahindi vizuri. Rejesho likaanza wiki ya pili. Kila wiki akawa anafungua mfuko, anachota debe moja au mawili kupeleka mnadani, na kila akifungua hewa inaingia. Dumuzi wakarudi, na bei ilikuwa bado iko chini. Huo ni mkopo wa kausha damu tu, wa kumkamua mkopaji, hata ukiitwa mkopo wa kilimo.

Magharibi mwa Kenya, shirika la One Acre Fund liliwahi kukopesha wakulima wakati wa mavuno ili wasikimbilie kuuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokopa waliuza baadaye, bei ikiwa nzuri, na mapato yao yakaongezeka.

Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ya kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. SACCOS zipo, VICOBA vipo. Vikundi vya wakulima wa mahindi vipewe fedha mwezi wa sita, vianze kurejesha Januari. Mkopeshaji akihofia kwamba tutakula mahindi na deni libaki, achukue mahindi yenyewe kuwa dhamana: yawekwe kwenye ghala la kijiji, mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja akae nao yeye na mwingine ukae na kikundi.

Mkulima wa mahindi,
Kongwa, Dodoma