Mazoezi ya Jumamosi: tunahamia asubuhi

Ndugu zangu, Jumamosi tukutane saa moja asubuhi, siyo saa tisa alasiri. Wiki iliyopita dada yetu mmoja alikohoa hadi akakaa chini kando ya njia, macho mekundu, sitaki tena.

Huu ukungu wa kahawia wa Los Angeles si moshi tu, unapikwa na jua. Magari yanatoa oksidi za naitrojeni na mvuke wa petroli. Mwanga unavunja naitrojeni dioksidi, moja ya hizo oksidi, atomu ya oksijeni inachomoka, inaungana na oksijeni ya hewani na kuwa ozoni, gesi inayowasha koo na mapafu. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alilifumbua hili miaka ya 1950. Milima imetuzunguka, hewa ya joto imefunika juu kama mfuniko wa sufuria. Mchana ndipo ozoni inapokolea.

Wenye pumu, njooni na dawa zenu za kuvuta, tafadhali.