Tukimsifu Mpemba, tusimwache Osborne

Mhariri,

Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyeibua swali la maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi, husifiwa sana, na anastahili. Lakini Denis Osborne, mwanafizikia aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam, hutajwa kwa nusu sentensi, ilhali mwenendo wake ndio unaowafaa zaidi walimu wa leo.

Osborne alipokwenda shule ya Mkwawa, Iringa, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alimuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huwahi kuganda kuliko ya nyuzi 35. Wenzake wakacheka. Osborne alidhani kijana amekosea, ila hakumkatisha tamaa, aliahidi kupima. Fundi wa maabara alileta jibu kwamba ya moto yametangulia, akaongeza kuwa watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 matokeo yalitoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia.

Katika jaribio lao waliweka mililita 70 za maji kwenye bika (vikombe vya kioo vya maabara) za mililita 100, juu ya foamu ngumu. Walimu mkilirudia darasani, msiiondoe foamu hiyo, bila yake jaribio limeharibika: bika ya moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kitako kinagusa friza vizuri zaidi, joto linatoka kwa njia ambayo bika ya baridi haina. Bika mbili zisikae karibu, maana ya moto huipasha jirani yake. Maji yote yachemshwe kwanza, kisha sehemu iachwe ipoe, ili hewa iliyoyeyuka ndani ilingane. Pimeni uzito kabla na baada, mjue kiasi kilichovukizwa. Osborne alipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa saa kadhaa, dalili kwamba joto jingi hutoka kupitia uso wa juu wa maji.

Amueni mapema mnapima nini: barafu ya kwanza, au bika nzima kuwa ngumu. Osborne alipima mwanzo wa kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado majimaji, na hali hiyo hubadilika kila mara, kwa hiyo jaribio moja halithibitishi kitu.

Kipimajoto nacho kikae kina kilekile. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kuwa tofauti ya sentimita moja hivi inatosha kugeuza matokeo, na wao hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia. Basi mwanafunzi akileta majibu yanayompinga Mpemba, asikatwe alama. Akaguliwe foamu, kina cha kipimajoto na idadi ya marudio.

Mwalimu wa Fizikia